Msiilaumu plaiwudi kabla ya kuichemsha

Mhariri,

Wiki jana ulichapisha barua ya msomaji wa Homa Bay anayetaka mashua za plaiwudi zipigwe marufuku katika fuo zote za ziwa letu la Victoria, baada ya moja kupasuka chini ya miguu ya vijana wawili waliokuwa wakirudi kutoka kutega nyavu. Vijana hao waliokolewa, namshukuru Mungu. Uchungu wa ndugu huyo naujua vizuri, kwa kuwa mashua yangu ya kwanza ya plaiwudi ilipasuka vivyo hivyo, nami nilikuwa ndani yake. Lakini dawa aliyoitoa siyo. Kosa limo katika gundi iliyoshika tabaka za plaiwudi, na katika mkono wa fundi anayeacha kingo na matundu wazi. Yote mawili yanaweza kujulikana mapema, na la kwanza linapimwa kwa sufuria na makaa tu.

Mimi ni seremala wa Kibuye hapa Kisumu, na huu ni mwaka wangu wa 31 kazini. Riziki yangu ni vitanda, kabati na milango. Ila nilizaliwa Kendu Bay, na mjomba wangu aliunda mashua za mbao pale ufuoni mpaka macho yakamnyima kazi. Yeye alifunzwa na mzee aliyetoka Pwani, ndiyo maana hata sisi watoto wa ziwa tulikua tukisema mkuku (uti wa chini wa chombo), mataruma (fremu zake za ndani) na kalafati (pamba ya kuzibia nyufa) kama watu wa Lamu. Nikiwa na miaka tisa kazi yangu ilikuwa kusokota pamba ya kalafati na kumpa aishindilie kwenye nyufa kwa patasi butu. "Mjomba," aliniambia, maana ndivyo tulivyoitana yeye na mimi, "maji hayana nguvu ya kuvunja ubao huu. Yanatafuta mlango tu." Nilikuja kuyaelewa maneno hayo nikiwa mtu mzima, maji yamenifika magotini.

Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma. Sote tulio kwenye biashara ya mbao tunakumbuka bei zilivyopanda. Saipresi ndefu na nyoofu ya kuundia mashua ikawa haishikiki. Mwaka uliofuata shemeji yangu wa Nyakach alikuja kuniomba mashua ndogo, ya kupenya kwenye mafunjo kutafuta kambare, ya kubebwa na watu wawili. Nikaona plaiwudi ndiyo jibu. Ya milimita 6 ina uzito wa kilo kumi na kitu hivi, na nne au tano zinatosha kwa mashua ya mita tatu na nusu. Nilinunua zilizopigwa muhuri kuwa ni za majini. Nikaikata kama ninavyokata kabati, nikaipiga skrubu kwenye fremu, nikapaka rangi mbili nje na moja ndani. Ilipendeza sana. Watu walipita karakanani kuipiga picha.

Januari 2020, Jumamosi asubuhi, tulikuwa mita kama mia mbili kutoka kwenye mafunjo. Nilisikia sauti kama mtu anararua kanga mpya. Ubao wa chini ulifunguka upande wa omo, yaani mbele, tabaka moja likanyanyuka lote na maji yakaingia chini yake. "Shemeji, fua maji!" nikamwambia, naye akafua kwa mkebe wa rangi wa lita nne huku mimi napiga kasia kwa nguvu zangu zote. Tulifika kwenye mafunjo mashua ikiwa imejaa hadi kwenye benchi. Hatukuwa na jaketi za kuokolea maisha. Kwa hilo hadi leo sijisamehi, na tangu siku hiyo simkabidhi mtu mashua bila kuziona kwanza.

Niliirudisha karakanani na kuikata vipande vipande kwa msumeno ili nione kilichotokea. Nawasihi mafundi wenzangu wafanye hivyo kila chombo kinapowaharibikia, kwa sababu ndani mwake mna majibu yote. Kwenye ukingo wa nyuma, chini kabisa, plaiwudi ilikuwa imevimba kupita kiasi. Kila tundu la skrubu lilikuwa na duara jeusi la uozo, dogo kama sarafu. Nilipoingiza ukucha kati ya tabaka, zilifunguka zenyewe, na gundi iliyobaki ilikuwa utelezi mweupe kama uji uliolala. Uso wa bapa, nilioupaka rangi kwa uangalifu wote ule, ulikuwa mzima kabisa. Maji yaliingia kwa kingo na kwa matundu, na yalipofika ndani yakakuta gundi ya kabati. Milango ilikuwa wazi, na niliyeiacha wazi ni mimi.

Nilirudi dukani na kipande mkononi. Niliulizwa, "Fundi, si muhuri uliuona?" Niliuona, ndiyo. Plaiwudi halisi ya majini huundwa kwa kiwango cha Uingereza kiitwacho BS 1088: gundi yake haiachii hata ikichemshwa, na tabaka za ndani hazina mapengo. Muhuri wowote unaweza kuchongwa kwenye mpira na kupigwa kwa wino. Kuchemsha hakughushiki.

Kwa hiyo sasa ninafanya hivi. Nanunua moja kwanza, sinunui tano. Naigonga kwa kifundo cha kidole kuanzia pembeni hadi katikati; panapolia utupu, tabaka la ndani lina pengo, na pengo ni ghala la maji. Nautazama ukingo wake juani. Gundi inayostahimili maji mara nyingi huacha mstari wa kahawia iliyoiva, ila rangi peke yake haitoshi kumwamini muuzaji. Halafu nakata vipande vitatu vya ukubwa wa kiganja kutoka pembe tofauti, navitia kwenye sufuria, naweka jiwe juu yake visielee, na navichemsha kwa saa nne. Naviacha vikauke juani kutwa nzima. Siku ya pili nachemsha tena saa nne. Kisha naingiza patasi kwenye mstari wa gundi na kusukuma. Gundi ikiwa nzuri, mbao zenyewe ndizo zinazoraruka, nyuzinyuzi zinabaki zimeshikamana pande zote mbili. Ikiwa mbaya, huhitaji hata patasi, maana utazikuta tabaka zinaogelea kila moja peke yake. Katika plaiwudi sita nilizozipima tangu mwaka huo, zote zikiwa na muhuri, mbili ndizo zilizovuka siku ya pili. Moja kati ya hizo nne zilizoshindwa ilikuwa na bei kubwa kuliko zote.

Ndugu wa Homa Bay angeuliza kama mashua ile iliyopasuka ilichemshwa. Nina hakika haikuchemshwa.

Sasa niseme juu ya mkono wa fundi, kwa sababu plaiwudi nzuri nayo huharibiwa na msumeno mbaya. Tulio wengi tunakata kwa msumeno wa meno makubwa ule ule wa kukatia boriti, na ukingo unatoka umechanika kama mkeka mkuukuu. Chora mstari kwa kisu kikali kwanza, ukate lile tabaka la juu kabisa, kisha upite nje kidogo ya mstari kwa msumeno wa meno madogo na umalizie kwa randa. Mbavu mbili za mashua, yaani kuta zake za pembeni, zifunge pamoja kwa jiriwa na uzipige randa kwa pamoja, zitoke pacha. Mashua ambayo ubavu mmoja umezidi mwingine hata kwa nusu sentimita itavuta upande maisha yake yote, na mpiga kasia atachoka bila kujua sababu. Na mkunjo wa ubavu usiuchore kwa mkono. Piga misumari midogo kwenye alama zako, pindisha ufito mwembamba wa saipresi usio na vifundo uiguse yote, halafu rudi nyuma hatua tano uutazame. Jicho litaona kinundu ambacho futi haikioni. Ufito ukikataa kugusa msumari mmoja, ufito ndio wenye haki, msumari ung'olewe.

Kuna kazi moja naipenda kuliko zote, na ndiyo niliyoishindwa mara ya kwanza. Plaiwudi ina urefu wa futi nane. Ukitaka mashua ndefu zaidi ya hapo ni lazima uunge. Wengi wanaweka kiraka nyuma ya kiungo na kukipiga misumari, kiungo kinabaki kigumu kama goti lililopigwa plasta, na ubavu haukunjiki vizuri. Njia bora ni kiungo cha mshazari: kila plaiwudi inapigwa randa ukingoni ishuke taratibu hadi ncha yake iwe nyembamba kama karatasi, kisha zilaliane. Urefu wa mteremko uwe mara nane ya unene. Kwa milimita 6, mteremko ni 48. Kwa 9, ni 72.

Usizipige moja moja. Zipange nne kwenye meza kama ngazi, kila moja ikirudi nyuma milimita 48 kutoka iliyo chini yake, uzibane, kisha upige randa ngazi yote iwe mteremko mmoja. Hapo ndipo plaiwudi inakuwa mwalimu. Kadiri randa inavyoshuka, mistari ya gundi inajitokeza kama mistari ya kikoi, mmoja baada ya mwingine. Mistari ikiwa imenyooka na kwenda sambamba, mteremko wako uko sawa. Mstari ukipinda, umechimba mahali. Ukipanuka upande mmoja, mkono wako umeegemea huko. Nilimfundisha kijana wangu wa karakanani kazi hii bila kumpa futi wala pembemraba. Nilimwambia aitazame mistari tu. Siku ya kwanza ilimtoka mawimbi matupu. Siku ya tatu nilimkuta ameinama, shavu karibu na meza, anapiga randa pole pole mno, na maranda yanamtoka laini hadi mwanga unapita. Sikumwambia kitu. Nilikaa kwenye benchi nikamtazama mpaka adhana ya alasiri.

Kwa kazi hiyo kisu cha randa kiwe kimenolewa kweli kweli. Gundi ya plaiwudi inakula makali haraka kuliko mbao yoyote ninayoijua, hata mvule. Kinoo kiwe karibu nawe, na unoe kila baada ya ukingo mmoja, usingoje mpaka randa ianze kuruka.

Kuunganisha mbavu na sehemu ya chini siku hizi sitii skrubu. Nashona. Natoboa matundu madogo sentimita moja kutoka ukingoni, kila baada ya sentimita kumi na mbili, napitisha waya wa shaba uliomenywa kutoka kwenye kebo ya umeme, na kuusokota kwa koleo kuanzia omo kwenda nyuma. Usikaze wote siku moja. Ukaze nusu, uweke fito mbili nyoofu juu ya mashua, moja mbele na moja nyuma, uchungulie kama ziko sambamba. Mashua iliyojipinda hunyooka kwa urahisi kabla gundi haijatiwa, ikishatiwa, imekwisha. Ndani ya mshono natandaza epoksi, gundi ya mikebe miwili inayochanganywa, iliyokorogwa na unga laini wa mbao hadi ikamate kama ugali mwepesi, na kuilaza kwa mgongo wa kijiko. Juu yake naweka utepe wa faibaglasi, kitambaa cha nyuzi za kioo. Ikikauka nachomoa waya, naviringisha ukingo wa nje kwa randa na msasa, na kuweka utepe mwingine.

Epoksi inataka heshima. Vipimo vya mikebe miwili vifuatwe kama kopo linavyosema, kwa mizani au kwa kikombe chenye alama. Ukikosea kipimo haitakauka hata mwezi, na kuongeza dawa ya kukaushia hakuiharakishi, kunaiharibu. Jua letu la Kisumu nalo ni adui: epoksi ikiachwa kwenye kopo jembamba saa nane mchana huchemka yenyewe na kutoa moshi, kwa hiyo imwage kwenye sinia pana. Mimi napaka kuanzia saa kumi na moja jioni. Mbao zikiwa zinapoa huvuta epoksi ndani. Zikiwa zinapata joto asubuhi hutoa hewa, na uso wote unajaa vipovu. Vaa glovu. Nina rafiki ambaye ngozi yake haivumilii tena hata harufu yake.

Na kingo. Kila ukingo upakwe epoksi mara tatu, ya pili kabla ya kwanza haijakauka kabisa. Kila tundu litakalobeba skrubu ya pete ya kasia litobolewe kubwa, lijazwe epoksi, kisha litobolewe tena katikati kwa biti ndogo. Nikimaliza mashua naizunguka na tochi natafuta ukingo mkavu. Juu ya epoksi ni lazima rangi ya mafuta, kwa sababu jua huila epoksi iliyoachwa uchi. Chini ya kila benchi nafunga madumu mawili matupu ya lita 20, vifuniko vimekazwa, ili mashua ikijaa maji ibaki juu na watu wake.

Kuna wanaosema mambo haya ni ya Wazungu. Mitepe, mashua za kale za kaskazini mwa Pwani yetu, ilishonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, na mitumbwi mikubwa ya visiwa vya Sesse upande wa Uganda ilikuwa ya mbao zilizoshonwa. Kushona chombo ni kwetu. Kilichokuja kutoka nje ni plaiwudi na epoksi.

Kinachonifanya nikuandikie wewe, Mhariri, ni jambo lililotokea Uingereza mwaka 1962. Barry Bucknell, aliyekuwa akifundisha watu ufundi wa nyumbani kwenye televisheni, alishirikiana na mbunifu wa mashua Jack Holt kutoa mashua ndogo ya plaiwudi yenye urefu wa mita 3.3, ya kushonwa kwa waya wa shaba na kuzibwa kwa utepe wa faibaglasi, iliyokusudiwa mtu wa kawaida aiunde nyumbani kwa zana za kawaida. Iliitwa Mirror, kwa jina la gazeti la Daily Mirror lililoibeba, na tanga lake likawa jekundu kama rangi ya gazeti hilo. Zaidi ya 70,000 zimeundwa. Gazeti ndilo lililofanya hivyo. Gazeti liliamua kwamba wasomaji wake wanaweza kushika msumeno.

Sisemi mashua ya plaiwudi ya milimita 6 iende kuvua mbuta maji ya kina kule Mfangano. Hapana, na atakayeipeleka huko nitamzuia kwa mikono yangu. Nasema kuna Nyakach, kuna Nyando, kuna Budalang'i, ambako mto ukivunja kingo watu wanabeba watoto mabegani. Mashua ya pili ya shemeji niliyoishona iliingia majini Machi 2021. Katika mafuriko ya Aprili na Mei 2024 ilivusha watu wa kijiji chake wiki nzima, magunia ya mahindi, mbuzi, na mama mmoja mjamzito aliyefikishwa barabarani salama. Mwezi uliopita niliigeuza juu chini nikazikagua kingo zote kwa ncha ya kisu. Kisu hakikuingia popote.

Ombi langu basi: badala ya kuitisha marufuku, chapisha mchoro. Vijana wa vyuo vya ufundi wana meza, wana randa, wana walimu, na kila muhula wanatengeneza viti vile vile. Mchoro wa mashua ya shemeji ninao, nimeuchora kwa penseli kwenye karatasi ya kaki, vipimo vyote kwa milimita, pamoja na orodha ya zana. Sitaki malipo. Nitauleta mwenyewe popote utakaponielekeza. Na siku utakapouchapisha, tafadhali picha ya kwanza iwe ya sufuria.

Wako,
Seremala wa Kibuye,
Kisumu